Kiko Kidogo Kwenye Malka

Godana Abdirizak si mtu wa kujishusha. Siku ya mnada wa ng'ombe Garsen utamwona akipita katikati ya watu, kofia ameilaza upande, kikoi amekifunga vizuri, fimbo begani, na kwa mwendo ule utadhani mifugo yote iliyo pale ni yake na wenzake amewaazima tu. Mdomoni, upande wa kushoto, pale ambapo jino moja lilimtoka zamani, pamekaa kitu ambacho mgeni hudhani ni mswaki wa mti. Si mswaki, ni kiko, tena kidogo sana. Bori lake la udongo, yaani pale panapotiwa tumbaku, ukiingiza kidole gumba hakipiti ukucha, na mrija wake wa tete hauzidi urefu wa kidole.

Watu wamekicheka kiko kile miaka mingi. Wamekiita kiko cha panya, wamekiita cha watoto wanaocheza baba na mama, na kuna fundi mmoja wa pikipiki pale stendi anayedai amepoteza skrubu kubwa kuliko kile. Godana hucheka nao. Kisha huwauliza kama wana nafasi kidogo, na wakisema wanayo huwaeleza faida za kiko kidogo, na wengi hujuta kwa nini walisema wanayo.

Kwanza, husema, mchungaji ana mikono miwili na kazi tatu. Fimbo inataka mkono, kibuyu cha maziwa kinataka mkono, na ndama aliyechoka naye anataka kubebwa, kwa hiyo kiko kinachotaka kushikwa ni cha mtu asiye na ng'ombe. Kiko chake hukaa kwenye meno chenyewe na taya halijui kama lina mzigo. Kwanza, husema tena, maana Godana hana pili wala tatu, kila sababu kwake ni ya kwanza, utamu wa tumbaku uko juu. Mavuto ya mwanzo ni asali. Ukifika chini unakuta majimaji na uchungu, na mwenye kiko kikubwa hulazimika kuyanywa yote hayo kwa sababu ameona aibu kumwaga. Kidogo kinaisha utamu ungalipo, mtu akabaki na hamu, na hamu ndiyo inayomrudisha kesho. Na kwanza kabisa, ng'ombe wake wakiingia mtoni kunywa yeye huwasha, na wakiinua vichwa kiko kimezima. Hajawahi kuharakisha ng'ombe kwa sababu ya tumbaku wala tumbaku kwa sababu ya ng'ombe. Hapo husimama, akikutazama aone kama umeelewa.

Asichokisema, ila wenzake wa rika humsemea, ni jinsi alivyokipata. Ujanani alikuwa na kiko kikubwa kama watu wengine wenye majivuno. Mwaka mmoja wa ukame aliwapandisha ng'ombe wa baba yake hadi pande za Bura, kwa sababu kando ya mifereji ya skimu ya umwagiliaji palikuwa na majani mabichi. Siku moja akala, akashiba, akajinyoosha kivulini na kiko chake mdomoni, na usingizi ukamchukua kabla moto haujaisha. Alipozinduka majani yaliyokuwa chakula cha ng'ombe wake yalikuwa yanawaka. Akavua kikoi akaupiga moto kwa kikoi, akaushinda, lakini kikoi hakikupona, na wanawake waliokuwa wakirudi na ndoo zao kutoka mferejini walimwona jinsi alivyokuwa. Habari hiyo ilifika Garsen kabla yake. Mpaka leo kuna mabibi ambao wakimwona amevaa kikoi kipya humpa pole.

Basi akaapa kwamba hatavuta tena kiko kinachoweza kubaki kinawaka yeye akiwa amelala. Akateremka hadi Wenje kwa fundi wa vyungu, mwanamke wa Kipokomo aliyeitwa Esha, akamwomba amfinyangie kiko kidogo kuliko vyote alivyowahi kufinyanga. Esha alikuwa anamalizia chungu. Akamuuliza mtoto ana umri gani. Godana akasema si cha mtoto, ni chake yeye. Esha akamtazama, akaona kijana mrefu aliyesimama kwa kujidai, akaukwangua udongo uliomganda kwenye vidole, udongo ambao angeuosha tu, akamtengenezea kwa huo. Tangu hapo mrija amebadilisha mara nyingi, lakini bori ni lile lile.

Dahabo, mkewe, hakuwahi kukipenda. Alipoolewa aliweka sharti kwamba tumbaku haivuki mlango wa nyumba yake, na akaongeza kwamba kama Mungu amemwandikia mume anayenuka, basi afadhali anuke kidogo. Imamu naye alimwambia siku moja baada ya swala kwamba tumbaku ni makuruhu. Godana akakubali kwa adabu, akasema ndiyo sababu yeye huchukua chembe tu. Imamu alitaka kukasirika akashindwa.

Lakini kilichomtoa Godana kwenye mzaha kikamtia kwenye heshima ni malka. Malka ni njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Waorma wana mifugo na mifugo inataka maji, Wapokomo wana mashamba na mashamba yako ukingoni, na katikati ya hao wawili pana njia iliyoachwa wazi tangu enzi za mababu ili kila mtu apate chake bila kumkanyaga mwenzake. Njia hizi zikiheshimiwa, mtu anaweza kuishi Tana akazeeka bila kusikia neno baya. Zisipoheshimiwa, watu wa huku wanajua mambo hufika wapi, na hakuna haja ya kukumbushana.

Malka anayopita Godana ina bahati na mkosi kwa pamoja. Ni fupi na ina maji mazuri, kwa hiyo kila mtu anaitaka. Zamani kidogo, siku moja ya joto kali, ugomvi ulizuka hapo juu ya ndizi zilizoliwa, na pande zote mbili zikamgeukia Godana ili aseme neno. Yeye ndiyo kwanza alikuwa amewasha kiko. Kukitoa mdomoni akaona uchungu. Akaketi chini palepale katikati ya malka, akaendelea kuvuta, na wale watu, kwa kuwa walimheshimu umri wake, wakaketi pia wakingoja amalize. Kilipozima, hakuna aliyekuwa bado anapumua kwa kasi. Mwenye ng'ombe akaomba radhi mwenyewe, mwenye ndizi akataja fidia ndogo, wakaachana. Watu wakasema Godana ana hekima. Mimi nasema alikuwa mvivu wa kutoa kiko mdomoni, lakini hekima nyingi duniani zimeanza hivyo.

Ikawa sheria. Ugomvi ukitokea pale, anaitwa Godana, wote wanakaa chini, anawasha, na hakuna anayefungua mdomo mpaka kiko kizime. Baadaye ndipo alipogundua kwa nini ilifanya kazi, na akaanza kujivuna nayo kama kwamba aliibuni makusudi. Alisema kiko kidogo kinampa mtu nafasi ya kumeza mate na kuona haya. Kikubwa kinampa nafasi ya kukumbuka aliyotendewa babu yake. Na ushahidi ulikuwepo. Barnabas, mkulima wa jirani, mtu mwema ila mwenye kupenda makuu, alijaribu kufanya hivyo hivyo kwenye malka nyingine kwa kiko chake alichonunua Malindi, kiko cha mti mweusi chenye bori la kumeza yai zima. Watu walikaa, wakatulia, wakakaa tena, wakachoka kutulia, mmoja akaguna, mwingine akauliza umeguna nini, na ngumi zikaanza Barnabas akiwa hajafika hata nusu. Alirudi nyumbani na jicho limevimba, na kiko akakitia kwenye kabati.

Sasa ndiyo tufike mwaka jana.

Kiangazi kilikuwa kimekaza. Nyasi zilikuwa mbali na mto, kwa hiyo ng'ombe walilala malishoni siku moja na siku ya pili wakaletwa majini, wamekauka ulimi. Siku hiyo walikuwa na Abdinur, mwana wa Godana, kijana mzuri na mchungaji mzuri pia ila simu yake ilikuwa imezima. Walipokaribia mto akaona ng'ombe wametulia, akaomba pikipiki iliyokuwa inapita, akaenda Garsen mara moja kuchaji. Ng'ombe aliyekaa na kiu, upepo ukimletea harufu ya maji, hangoji mtu mwenye simu. Kundi zima likakata kona, likaiacha malka, likapita katikati ya shamba la Komora.

Na Komora hakustahili. Wakulima wengine wa pale wameisogelea malka mwaka baada ya mwaka, jembe moja leo, jembe jingine kesho, mpaka mahali pengine imebaki uchochoro. Komora peke yake hakusogea. Ni mtu mfupi, mpana, asiyesema sana, na mpaka wake uko pale alipouacha baba yake. Godana mwenyewe alikuwa akimtaja kila mkutano, akisema laiti wakulima wote wangekuwa Komora. Sasa mahindi ya Komora, yaliyokuwa yamebakisha kidogo tu yachomwe mabichi, yalikuwa yamelala chini, na mabua mengine yako mdomoni mwa ng'ombe wa Godana.

Godana alipofika mbio, fimbo mkononi, alikuta vijana wa Kipokomo wamesimama kuiziba malka na vijana wa Kiorma wamewazuia ng'ombe hatua chache kabla ya maji. Abdinur alikuwa amesharudi, amesimama pembeni, uso umemshuka. Ng'ombe walikuwa wanalia. Si kule kulia kwa kawaida, ni mlio wa mnyama anayeona maji na hapewi. Kila upande ulikuwa na marungu na panga, na hakuna aliyekuwa ameinua, lakini pia hakuna aliyekuwa ameweka chini. Chifu alipigiwa simu, ikaonekana yuko Hola.

Walipomwona Godana, watu wakaanza kukaa. Walikaa kwa mazoea, kama watu wanavyosimama swala ikikimiwa. Hata Komora akakaa. Wote wakamtazama Godana mkono wake, wakingoja uende mfukoni.

Na ukaenda. Akakitoa kiko, akakitia tumbaku, akakishindilia kwa kidole cha mwisho. Hapo ndipo akili yake ilipompata. Mganga hajigangi. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa katikati ya watu wengine, ng'ombe wa watu wengine, mahindi ya watu wengine, na ilikuwa rahisi, mkuki kwa nguruwe. Leo mkosaji ni yeye. Akiwasha, wataheshimu, watanyamaza, na pengine mambo yatakwisha. Lakini kesho watasema Godana alijivutia kiko juu ya kesi yake mwenyewe, na kitakuwa kiko cha Waorma, na siku nyingine akikaa chini hakuna Mpokomo atakayekaa naye. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Kitu pekee alichowahi kuwapa watu wa malka ile kilikuwa kinataka kufa mkononi mwake, na nyuma yake ng'ombe walikuwa wanalia.

Akasogea mbele ya Komora, akachuchumaa, akakinyoosha kiko kwake kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameushika kiwiko.

"Ng'ombe ni yangu," akasema. "Leo mimi ndiyo mtu wa kosa. Washa wewe, Mzee Komora."

Komora alikiangalia kiko kwa muda. Kisha akaliangalia shamba lake.

"Mahindi imelala shamba nzima," akasema, "na wewe unaniletea kiko ya mdomo wa ndege. Kosa kubwa inataka kiko kubwa. Barnabas, nenda ulete yako."

Vijana wa Kipokomo wakacheka kicheko kisicho na furaha. Barnabas akasita, maana jicho lake lilikumbuka, lakini mwenye kuumia amesema, akaenda. Godana akakirudisha kiko chake mfukoni, akakaa chini. Angeweza kukataa. Lakini sheria ilisema hakuna kusema mpaka kiko kizime, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusema kiko gani. Ile fahari yake ilikuwa imeacha mlango wazi, na Komora amepita hapo.

Kiko cha Malindi kikaja, kikajazwa, kikawashwa. Komora akavuta na moshi ukamfunika uso. Ikawa kimya, isipokuwa ng'ombe.

Godana alikuwa na kiko kile kidogo kichwani, akikivuta kwa mawazo, vuto kwa vuto. Alijua kingefika wapi sasa, na sasa. Akawatazama watu. Akaona vijana wanaanza kushusha pumzi. Mmoja aliyekuwa ameshika rungu kwa mikono miwili akaliachia mkono mmoja akajikuna shingo. Abdinur alikuwa anatazama mahindi, na midomo yake ilikuwa tayari kuomba radhi, mtu yeyote angeiona. Ilikuwa imefika. Hapa, Godana akajiambia, hapa kingezima. Hapa mtu mmoja angesema neno moja na sote tungesimama.

Lakini Komora alikuwa bado yuko juu kabisa ya kile kiko. Ile nafasi ikaja, ikapita mbele ya macho yao, ikaenda zake. Kijana yule akajikuna tena, kisha akalishika rungu kwa mikono yote. Mwingine akaanza kuchora chini kwa ncha ya panga. Nyuso zikarudi kukunjamana, na safari hii si kwa ajili ya mahindi ya leo. Godana alizijua zile nyuso. Watu walikuwa wameanza kukumbuka mambo ya zamani, kila mmoja peke yake na kwa upande wake, na ng'ombe walikuwa wanawasaidia kukumbuka kwa ule mlio. Ndama mmoja akapiga magoti. Dume likamsukuma kijana aliyelizuia, kijana akajikwaa kwa mguu wa Mpokomo, wakatazamana.

Neno lilimjaa Godana mdomoni. Alitaka kusema wapisheni ng'ombe, alitaka kusema Komora inatosha, alitaka kulia pia, nisikufiche. Akalimeza. Kama yeye mwenye sheria angeivunja kwa sababu ng'ombe wanaoteseka ni wake, basi haikuwa sheria. Ilikuwa ni mchezo wa mzee mmoja na tumbaku yake.

Akamgeukia Komora, na ndipo alipoona kitu ambacho mvutaji peke yake angekiona. Komora alikuwa anateseka. Bori lilikuwa limepata moto, alikuwa analibadilisha mikono. Taya lilikuwa limechoka, kiko kimeinama, na kila akivuta kilitoa sauti ya majimaji, kama mtu anayemaliza uji kwenye kikombe. Ameshafika chini, Godana akajua. Sasa anakunywa uchungu mtupu. Macho ya Komora yalikuwa mekundu na yanatoka machozi, lakini alivuta tena, kwa sababu yeye ndiye aliyekiita kile kiko mbele ya watu. Godana alimwonea huruma na alimwonea fahari pia. Yeye mwenyewe angefanya vile vile.

Wakatazamana, mzee na mzee. Ni Komora aliyesikia kwanza, nadhani, maana ni yeye aliyegeuka. Yule ndama aliyepiga magoti alikuwa ameacha kulia.

Komora akakigeuza kiko cha Malindi akakipiga kwenye kisigino chake. Mabaki ya tumbaku, meusi na yaliyolowa, yakaanguka chini kabla hayajaisha kuwaka. Akatema mate pembeni. Kisha, bila neno, maana sheria ilikuwa bado sheria, akaunyoosha mkono kwa Godana na kuufungua kiganja.

Godana akakiweka kile kidogo juu yake. Kilikuwa tayari kimejaa, tangu pale mwanzo. Komora akakiuma, akakiwasha, na wale vijana waliokuwa wamekaa kwa shari wakajikuta wananyoosha shingo kukiona, kwa kuwa kilikuwa kidogo na kilitaka kutazamwa. Kijimoto kikapanda, kikawa chekundu, kikashuka. Komora alivuta polepole, na uso wake ukafunguka kwa mshangao wa mtu aliyekaribishwa chakula kwa adui akakikuta kitamu. Moshi ukawa mwembamba. Ukawa uzi. Kikazima.

Hakuna aliyesogea. Wote walingoja neno la kwanza litoke kwa aliyewasha.

"Ng'ombe inywe kwanza," Komora akasema. "Maneno ya shamba tutasema ikishiba."

Vijana waliokuwa wameiziba malka wakapisha, wengine hata wakasaidia kumnyanyua yule ndama, mmoja kichwani na mmoja mkiani, wakamfikisha majini. Ng'ombe waliingia mtoni mpaka kifuani. Wakati wanakunywa hakuna aliyezungumza, ingawa kusema kulikuwa kumeruhusiwa.

Baada ya hapo maneno yalikuwa machache. Abdinur aliomba radhi kabla hajaulizwa. Ikakubaliwa kwamba atakuja kulima na kupanda upya pamoja na wana wa Komora, na atakata matawi ya mti wa miba uitwao mathenge kuzungushia ule upande wa shamba unaotazama malka. Godana akasema ng'ombe wake mmoja wa maziwa atakaa kwa Komora mpaka mahindi mapya yakomae, na akamchagua yule mzuri, siyo yule ambaye ungedhani. Barnabas akatia kiko chake mfukoni, akasema atampa mjukuu achotee mchanga, na safari hii watu wakacheka kwa furaha.

Walipokuwa wanasimama, Godana akanyoosha mkono kuchukua kiko chake. Komora alikuwa ameshakitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

"Hii itakaa hapa malkani," Komora akasema. "Haiwezi kuwa ya mtu moja tena. Mwenye kuumia ndiye atawasha, kama leo. Ama namna gani, Mzee Godana?"

Kilikuwa kiko chake cha miaka yote, udongo wa vidole vya Esha, na aliyekitaka ni mtu ambaye yeye Godana alikuwa amemkosea. Mkono wake ulibaki hewani kidogo. Kisha akautumia kumpa Komora mkono wa kuagana, akasema sawa.

Alirudi nyumbani nyuma ya ng'ombe akitafuna jani. Dahabo alinusa hewa, akamzunguka, akanusa tena, akauliza kama anaumwa. Alipoambiwa akamletea chai yenye maziwa ya kutosha. Wiki zilizofuata Godana alikuwa mtu mgumu kuishi naye. Hakutengenezewa kiko kingine. Alisema Esha alishakufa na hao wengine hawajui kufinyanga kidogo. Sokoni aliendelea kupita kwa mwendo ule ule, lakini vidole vilikuwa vinapanda mdomoni na kushuka vitupu, na akilala alikuwa anawaza kama watu wale wanaweza kweli kukaa chini bila yeye. Alitaka waweze. Na alitaka wasiweze pia, kidogo.

Kisha siku moja mchana, akiwa Garsen, akasikia kwa mtu wa bodaboda kwamba kuna vurugu malkani. Mkulima mmoja, ndugu yake Komora, alikuwa ameziba njia kwa miti ya miba, na mbuzi wa Barwako, mjane wa Kiorma asiye na mtu wa kumtetea, wamechomwa macho na miba hiyo. Godana akauliza ameitwa nani. Yule kijana akasema hakusikia kama kuna mtu ameitwa. Godana akapanda pikipiki ile ile, akamwambia aiendeshe kama ameibiwa.

Aliruka kabla haijasimama, akateremka malkani kofia mkononi, ameshaandaa maneno. Akawakuta wamekaa. Wapokomo na Waorma, marungu yamelazwa kando, wote kimya kabisa. Katikati alikaa Barwako na kiko kile kidogo mdomoni, mwanamke ambaye hajawahi kuonja tumbaku maishani mwake, anakohoa, anafuta machozi kwa ncha ya shela, anavuta tena kwa hasira na kwa haki, na yule aliyeziba njia amekaa mbele yake ameinamisha kichwa.

Godana akafungua kinywa atoe salamu. Komora, aliyekaa upande wa ndugu yake aliyekosa, akamwona, akaweka kidole kwenye midomo na kumwonyesha kwa macho mahali pa kukaa, kule nyuma. Vijana hawakugeuka hata kutazama ni nani amekuja. Godana Abdirizak akafunga kinywa chake, akaenda nyuma ya wote, akakaa chini kwenye mavi ya mbuzi bila kuyaona, na fahari ikampanda kifuani mpaka akashindwa kuyazuia macho yake yasilowe.